Aliyeniamkia Nikichuma Uyoga

Wanaonijua hapa Mandewa watasema natafuta wateja kwa vitisho. Waseme. Haya yalinipata mimi, kwenye mwili wangu huu, na kama ningekuwa natunga ningejitungia mwisho mzuri zaidi.

Mimi nauza kinywaji cha uyoga. Usicheke. Siku hizi kila mtu na afya yake, na wanawake wa mjini wakisikia kitu kinalainisha ngozi na kurudisha ujana, hata kingekuwa udongo watakunywa. Nakausha uyoga wa porini, nasaga, nachanganya na tangawizi na asali, natia maji ya moto. Mwenyewe nilikuwa nakunywa kila asubuhi, lakini si kwa ajili ya ngozi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka bila mtoto, na mtu wa namna hiyo hunywa chochote anachoambiwa kinasaidia.

Uyoga naufuata Ihanja, kwa mama yangu, mvua za kwanza zikishanyesha. Unachomoza kwenye vichuguu, na lazima uwahi kabla wadudu na majirani hawajauona. Asubuhi hiyo mama alikuwa anaumwa miguu, nikaenda peke yangu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nikakuta kichuguu kimejaa, cheupe chote, nikapiga magoti na kuanza kuchimbua taratibu, maana ukiuvuta kwa pupa unakatika. Nilikuwa na furaha sana, kwa nini nikufiche?

Nyuma yangu sauti nyembamba ikasema, "Shikamoo."

Watoto wanaochunga mbuzi hupita huko asubuhi, na watoto wa kwetu hawakupiti bila kukuamkia. Sikugeuka. "Marahaba," nikasema, mikono ikiwa udongoni na akili kwenye kikapu.

Sikusikia mbuzi, wala miguu ya mtu akiondoka. Ndipo nikageuka.

Alikuwa bibi kizee. Niamini, si mama wa makamo, bibi hasa, mgongo umepinda, shavuni ana kovu la moto, khanga imefifia hata maandishi hayasomeki. Kabla ya hofu nilishikwa na aibu. Wewe ungefanya nini? Mtu wa umri wa bibi yako anakuamkia, nawe umeitikia!

Nikainuka haraka. "Nisamehe bibi, sikukuona. Shikamoo."

Hakuitikia. Alitabasamu tu, akasema, "Umeshaitikia, mama. Ahsante." Akachukua uyoga mmoja kikapuni mwangu, akautafuna mbichi, akaenda zake. Na alivyokuwa akienda, mgongo ulikuwa unanyooka. Nasema nilichokiona. Alipofika kwenye vichaka alikuwa anatembea kama msichana aliyetumwa kisimani. Mimi nilipoinama kuchukua kikapu, magoti yalinigoma.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta mtama. Nilipomsimulia, aliweka ungo chini.

"Ulimwona kabla hujaitikia?"

"Sikumwona, mama. Nilidhani ni mtoto."

"Yaani umepokea shikamoo umempa mtu kisogo? Porini? Si nilikufundisha ugeuke kwanza umwone anayekuamkia?" Akaanza kulia, na mama yangu si mtu wa kulia. Aliumwaga ule uyoga wote, akanirudisha kichuguuni akichechemea, akaniambia nipige magoti niamkie na mimi, ili yule bibi naye aitikie. Niliamkia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyesema marahaba.

Mwezi ule hedhi haikuja. Masikini mimi, nilifurahi! Nikamwambia mume wangu, akachinja jogoo. Kumbe hakuna mimba. Mwezi uliofuata kimya, na uliofuata vilevile. Hospitalini daktari aliniuliza umri, akaniuliza tena, halafu akasema mwili wangu umefunga kama wa mwanamke aliyemaliza uzazi. Huwa inatokea, akasema, hata kwa wenye umri wangu. Nataka sana kumwamini. Lakini mbona mvi zilijaa kichwani msimu uleule? Mbona konda mgeni ananiita bibi?

Mvua za mwaka uliofuata, mchana kweupe, dada mmoja alikuja kibandani kwangu. Alikuwa amependeza, ana mimba kubwa, na shavuni ana kovu la moto. Lilikuwa kovu lilelile.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Naomba kikombe."

Nilinyamaza. Kila mtu kibandani alikuwa anatutazama. Unajua kwetu kutoitikia shikamoo ni nini? Ni sawa na kumtemea mtu mate.

"Bibi, nimekuamkia."

"Mwitikie mwenzio jamani," mteja mmoja akasema, "mjamzito huyo."

Nilimsukumia kikombe. Alikunywa polepole huku akiitazama midomo yangu. Akaamkia tena, sasa kwa hasira, na ile sauti ilikuwa nyembamba kama ya siku ile. Nikauma ulimi. Akaweka kikombe, akaondoka amejishika kiuno, ameinama. Pengine mimba ilimlemea, pengine ni ile shikamoo iliyokosa jibu. Ninachojua ni kwamba nilitamani kumkimbilia na kumshika lile tumbo, maana moyoni nina hakika lilipaswa kuwa langu. Nililia hadi wateja wakaondoka mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo siitikii shikamoo ya mtu yeyote, kwa kuwa sijui atakuja tena na sura gani. Wifi yangu amenuna. Watoto wake wananiita shangazi mwenye maringo, na inaniuma, kwa sababu nawapenda. Mwezi uliopita niliona damu, matone tu. Mume wangu sijamwambia, naogopa kumfurahisha bure.

Kwa hiyo wewe unayekwenda porini kutafuta uyoga, ukiamkiwa umeinama, acha kila kitu, geuka, mtazame mtu usoni. Akiwa amekuzidi umri, funga mdomo. Na ukipita Mandewa karibu kikombe cha moto, niulize habari za kutwa, nitakujibu vizuri tu. Ila usiniamkie, tafadhali. Nilichobakiwa nacho ni kidogo, na bado nakihitaji.