Ulimbo Kwenye Waya wa Baba

Mimi ni mtu wa kitambaa. Watoto ninaowafundisha fidla siku za Jumamosi hapa mtaani Migosi hulijua hilo kabla hawajajua kushika upinde. Ukimaliza kupiga, unapanguza nyuzi. Ulimbo tunaopaka kwenye upinde ili ushike hauna shukrani: unadondoka kama unga mweupe, unakaa juu ya uzi, unachanganyika na jasho la vidole, na ukiupuuza unageuka ganda. Uzi wenye ganda hauimbi, unalalamika. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia kwamba tangu bintiye aanze kuja kwangu anapanguza hata mswaki. Alidhani ananishtaki, mimi nikafurahi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akiletewa orutu ya baba yake.

Mama alikuja kutoka nyumbani kwetu Katito kwa ajili ya kliniki ya macho. Alibeba kuku hai, viazi vitamu vya kulisha ukoo mzima, na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa leso, ambacho nilidhani ni mwavuli. Aliweka kuku jikoni, viazi chini ya meza, na hicho kitu cha tatu akakilaza kitandani kwangu, kwenye mto, kama mgonjwa. Nilipofungua leso niliona ngozi ya kenge na nikajua.

Kwa asiyeijua, orutu ni fidla ya kwetu Waluo. Ina mwili wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi, fimbo ndefu iliyopita katikati, waya mmoja tu, na upinde wa nyuzi za katani. Donge la ulimbo hubandikwa hapo hapo kwenye mwili wake, ili mpigaji aupitishe upinde pale aupake kisha aendelee na wimbo wake. Baba alipiga orutu maisha yake yote. Nilipoanza fidla shuleni aliitazama kwa huruma, akaniuliza nyuzi nne zote hizo ni za nini, kwani nilikuwa sijaamua?

Alifariki mwaka jana. Nguo zake ziligawanywa, kiti chake kilichukuliwa na kaka yangu mkubwa, lakini orutu ilibaki kwenye msumari sebuleni kwa sababu hakuna hata mmoja wa kaka zangu anayejua kuishika. Mimi ningeweza kuijaribu, ila kwa baba mwanamke hakuwa anagusa orutu. Hakuifanya kuwa sheria ya kupigiwa kelele. Ilikuwa tu hivyo, kama vile mtu haingii jikoni na baiskeli.

Mama alinieleza shida yake nikiwa bado nimesimama na leso mkononi. Mwisho wa mwezi watu wa kanisa wangekuja nyumbani kwa maombi ya ukumbusho. Alikuwa ameshawaambia, bila kuniuliza, kwamba nitapiga wimbo wa baba. Ulikuwa wimbo alioutunga mwenyewe, na aliupiga jioni akitoka shambani akisubiri chai. Ulikuwa wa kumchokoza mama: kwamba ng'ombe wanono wa mahari walikwenda kwao, na chai mpaka leo haijaiva. Mama alikuwa akimjibu kwa kugonganisha sufuria, na sisi watoto tulijua kwamba hapo kuna amani.

"Sitaki wimbo tu," alisema. "Nataka kusikia ile sauti yake."

Nikauangalia waya. Masikini waya. Ulikuwa umevaa ganda la ulimbo pale upinde unapopita, la rangi ya sukari iliyoungua, nene kiasi kwamba ungeweza kulikwangua kwa kisu. Nilijaribu kupiga kidogo ikatoka sauti ya kutisha. Jirani yangu, mama mmoja kutoka mkoa wa kati anayefanya biashara ya nafaka mjini, aligonga mlango na kuuliza kwa upole kama yule kuku wetu tunamchinja kwa kisu butu.

Nilicheka, nikachukua kitambaa changu na chupa ya spiriti. Kabla sijafika kwenye waya mama alinishika mkono.

"Wacha hiyo kitambaa."

Nikamweleza kwamba waya ni mchafu, kwamba ganda linauzuia kutetemeka, kwamba ni kazi ya dakika chache tu.

"Hiyo unaita uchafu, ni baba yako aliweka," alisema. "Mkono yake ndio iko hapo. Hakuna mahali ingine imebaki."

Mimi hasira zangu huwa haziombi ruhusa. Nilimwambia kwamba hawezi kupata vyote viwili. Akitaka sauti, ganda litoke. Akitaka ganda, basi airudishe orutu kwenye msumari na watu wa kanisa waimbe nyimbo zao. Alinijibu kwamba basi nipige ile yangu ya nyuzi nne. Tulikula viazi tukiwa kila mtu ameelekea upande wake.

Siku zilizofuata nilijaribu kumpa alichotaka bila kugusa alichokataza. Asubuhi nilimpeleka kliniki, mchana nilikaa na orutu imeegemea tumboni, nikitafuta njia ya kulizunguka lile ganda. Vidole vyangu vimezoea kubonyeza uzi hadi kwenye ubao. Kwenye orutu hakuna ubao, unaugusa waya hewani, na nilihisi kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta kidato ambacho hakipo. Nililegeza waya, nikaukaza. Niliongeza ulimbo kwenye upinde, upumbavu mtupu, kwa sababu ganda lilinenepa tu. Nilipendekeza tununue waya mpya, kwani duka la vifaa vya ujenzi lipo hapo barabarani. Mama aliniangalia kana kwamba nimependekeza tumtafutie mume mpya.

Wimbo wenyewe niliupata. Hata jirani aliushika, nikamsikia akiuimba kwa mluzi akianika nguo. Lakini kila nikimaliza mama alikuwa anainamisha kichwa, na wote wawili tulijua kwamba sauti ile haikuwepo. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma pia, kwa sababu nami nilikuwa nimeikosa.

Alasiri moja tulirudi kutoka kliniki akiwa ametiwa dawa ya kupanua mboni, haoni vizuri. Nilimkalisha karibu na dirisha nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa ameipakata orutu, mwanamke ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiigusa ila kwa leso katikati, na alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya waya, polepole.

"Haikuwa inakuwanga hivi," alisema.

Nikamuuliza ilikuwaje. Ndipo akanisimulia. Rafiki za baba pale Katito walikuwa wakishangaa kwamba waya wake ni mtamu siku zote ilhali hawajamwona akiupanguza. Baba aliwaambia kwamba siri ni mkono, kwamba kuna mikono iliyoumbwa kwa ajili ya kazi hiyo, na alikuwa akiuinua wa kulia wauone. Aliyaamini maneno yake kabisa.

"Na kumbe?" niliuliza.

"Kumbe ni mimi nilikuwa napanguza. Akienda kunywesha ng'ombe."

Miaka yote ya ndoa yao. Alitumia kipande cha leso kuukuu, kikavu, na pale ulimbo unapokuwa mkaidi aliongeza tone la mafuta ya taa. Alianza kwa sababu sauti ya kukwaruza ilikuwa inamuumiza kichwa, na hakuweza kumwambia mumewe kwamba ameigusa orutu. Kisha ikawa kazi kama kazi nyingine, katikati ya kufagia na kuteka maji. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Nilimwona baba akiwa ameinua mkono wake mbele ya rafiki zake, na mama nyumbani akikung'uta leso mlangoni.

Mama naye alicheka kidogo. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikujua lina uzito. Kama alikuwa akipanguza kila mara, ganda hili lilitoka wapi?

Aliniambia nimpe chai kwanza, akanywa, akaishika orutu tena. Baba alipougua alihamia kitandani nayo. Alilala nayo upande wa ukutani, akipiga kidogo, akipumzika, akipiga tena. Ng'ombe walinyweshwa na watu wengine. Hakukuwa tena na saa ambayo mama angebaki peke yake na ule waya, hivyo ulimbo ukaanza kurundikana, na orutu ikaanza kukwaruza.

"Ikikwaruza, anawacha kupiga," mama alisema. "Anaangalia mkono yake. Anaigeuza hivi, anaangalia. Halafu anaiweka chini ya blanketi."

Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, akiugeuza mbele ya macho yake yasiyoona vizuri.

"Alidhani ni mkono imeisha," alisema. "Na mimi niko hapo kando ya kitanda, najua ni waya. Nikanyamaza."

Nilimuuliza mbona hakumwambia, na mara tu nilipouliza nilitamani kulirudisha swali. Alisema alifikiri juu yake kila siku. Kumwambia ni waya ingekuwa kumwambia pia nani alikuwa anaupanguza, na kwamba ule mkono aliojivunia mbele za watu ulikuwa na msaidizi. Aliona mtu mgonjwa asinyang'anywe na hicho. Akangoja apate nafuu kidogo, ampanguzie kimya kimya kama zamani. Nafuu haikuja.

Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimeuelewa ule mkono wake ulionizuia siku ya kwanza. Ni kweli hakutaka kuondoa alama za baba. Lakini pia alikuwa anaogopa. Ganda likitoka na waya ukalia vizuri, basi itakuwa wazi kwamba baba alimaliza siku zake akiusikitikia mkono usio na kosa, na kwamba kitambaa kingetosha kumwokoa na huzuni hiyo. Nilimwambia hatuna haja ya kupanguza. Nitapiga fidla yangu kwenye maombi na hakuna atakayelalamika. Nilisema kwa moyo wote, mimi mtu wa kitambaa.

"Lete," alisema.

Mafuta ya taa sina, natumia gesi. Nilimletea kitambaa na spiriti, nikamwomba asiache idondoke kwenye ngozi ya orutu. Alianza na sehemu kavu ya kitambaa, akiubana waya kati ya vidole viwili na kusugua kutoka juu kwenda chini, vile vile ninavyowafundisha watoto. Ganda lilitoka kwa vipande vidogo vilivyoangukia sketi yake. Palipokataa alilowesha pembe ya kitambaa na kungoja, hakukwangua. Sikumsaidia. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa anaona kwa vidole tu, na mara mbili aliacha kusugua akaketi tu bila kufanya kitu. Mwishowe waya ukang'aa. Alisimama, akakung'uta sketi nje ya mlango, akarudi akanikabidhi orutu.

"Piga."

Nikapitisha upinde kwenye donge la ulimbo mara moja, kidogo tu, nikaanza wimbo wa chai isiyoiva. Sauti ilitoka nyembamba, tamu, yenye ule mkwaruzo mdogo wa mwanzo ambao ni wa orutu zote, kisha ikatanda chumbani. Ilikuwa ile. Kwa jirani kelele za vyombo zilikoma. Nilipiga hadi mwisho bila kuthubutu kumtazama mama.

Nilipomtazama, alikuwa ameuinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akiugeuza huku na huku.

"Ilikuwa waya," alisema. "Mkono yake ilikuwa mzima kabisa. Ningemwambia."