Alama ya Theodora

Theodora alikuwa fundi wa kompyuta pale Kanyenye, Tabora, katika chumba cha nyuma cha duka la Jigar, na hakuwa mtu wa kuambiwa kaa pembeni akakaa.

Mwaka mmoja aligundua tundu la usalama katika kiini cha mfumo endeshi, kwenye kiendeshi cha kadi ya picha, kile kipande cha programu kinachoiwezesha kadi kuchora kwenye skrini. Programu moja ikimaliza kutumia sehemu ya kumbukumbu, kiendeshi kiliipa programu nyingine sehemu hiyo bila kuinyang'anya ya kwanza ufunguo. Theodora aliliona upesi kwa sababu baba yake, mzee Wenceslaus, ni mrina asali. Kwao mzinga ukipata mwenyewe mpya, alama ya mwenye zamani iliyochongwa juu yake hukwanguliwa kwanza, ndipo mpya ichongwe. Waandishi wa kiendeshi hiki walisahau kukwangua.

Akawaandikia. Msimamizi wa kiendeshi, huko ng'ambo, akajibu kwamba kosa hilo halina madhara. Halina madhara! Theodora alikasirika hadi chai ikampoea mezani. Akamwomba Jigar afungue picha ya pasipoti yake kwenye akaunti yake mwenyewe. Yeye, kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa akaunti ya mgeni isiyo na ruhusa yoyote, akaivuta ikatokea kwake, uso na namba.

Jigar akaruka. "Dada Theodora, umeingiaje?"

"Sijavunja kitu, kaka. Mlango uko wazi."

Alituma ushahidi pamoja na marekebisho, mistari kumi na minne ya kukwangua ufunguo wa zamani. Safari hii jibu lilikuja mbio, tamu kupita kiasi: kazi ni nzuri, itaingizwa kwa jina la mhandisi wao, maana Theodora hana kampuni.

"Kubali tu, dada," Jigar akasema. "Si tundu litazibwa?"

"Litazibwa. Kwa jina langu."

Akaandika: "Kanuni yenu wenyewe inasema aliyeandika ndiye anayetia sahihi. Mhandisi wenu akitia yake, ameongopa, na barua zenu nitazianika." Akatuma.

Siku tatu kimya. Ya nne marekebisho yakaingia, na chini yake: Theodora Wenceslaus, Tabora.

Akampigia baba yake.

"Shikamoo, baba. Nimechonga alama yangu kwenye mzinga wa wakubwa."

"Marahaba." Mzee akauliza: "Na ile ya zamani, umeikwangua ikaisha?"

"Imeisha, baba. Nimeikwangua mwenyewe."