Magari Yote Yanaumwa Kulia

Mtaa ule una gereji zilizobanana kama meno, lakini ukiuliza kwa Sikio, hata muuza maji atakuonyesha. Shule Sikio aliiaga mapema, na hasira zake hazikai mbali, zipo mfuko wa shati. Ila kwa magari, mwachie. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho kama mtu anayeonja chai. "Beringi hiyo. Kalete nyingine." Basi, kesi imekwisha.

Ndiyo maana Jumatano ile, dada yake aliporudi na bagi kwa mara ya tatu, mafundi wote walipunguza nyundo ili wasikie vizuri.

Bagi lenyewe ni kigari cha mchangani, mabomba yamechomelewa, viti viwili, injini mgongoni, matairi mapana kama mapipa. Dada anapandishia watu vilima vya mchanga, wanapiga kelele huko juu, wanashuka wamefurahi. Sasa likawa likikaza kupanda, nyuma kunagonga tak, tak, tak. Sikio alishasema ni jointi ya kulia, lile fundo la ekseli linaloruhusu tairi kuruka juu na chini huku linazunguka. Akafunga mpya. Likagonga. Akasema hiyo mpya feki, akafunga nyingine, palepale. Leo abiria mmoja kaomba ashuke amalizie kilima kwa miguu.

"Mdogo wangu," dada alisema, bado yuko kwenye usukani, "leo ndiyo mwisho. Ukikosea tena nalivusha barabara."

Ng'ambo ya barabara yupo fundi wanayemwita Ovaroli Safi, maana hajawahi kuonekana na doa. Sikio alikuwa radhi ale ugomvi asubuhi na jioni kuliko kuona bagi la dada yake wa tumbo moja limepanda jeki ya Ovaroli Safi. Mtaa ungesema nini? Sikio limeziba, hata ndugu zake wamehama.

"Livushe. Nani kakushika mkono?"

"Ningekuwa nataka kulivusha ningekuja huku? Acha mdomo, panda."

Wakaenda nyuma ya gereji, kwenye lundo la mchanga la wafyatua tofali. Dada akakanyaga mafuta, bagi likainua pua, na nyuma kukaanza tak, tak, tak. Sikio akainamisha kichwa. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Sauti ilikuwa inakuja wazi kabisa.

"Kulia," akasema waliporudi.

"Una hakika?"

"Sikio langu limeshawahi kukudanganya?"

"Mwezi huu, mara mbili."

Kipara, dereva wa teksi aliyekuwa amekaa juu ya tairi akisubiri gari lake, akadakia. "Dada, usimwonee bure. Siku hizi magari yote yanaumwa kulia. Langu kulia. La muuza mikate kulia. Lile tingatinga la juzi nalo kulia. Mimi naona barabara ndiyo imeinama."

Watu wakacheka. Sikio akaokota spana, bado hajaamua ni ya kazi au ya Kipara. Dada hakucheka. Alikuwa anamwangalia mdogo wake kichwa kama mtu anayetafuta sufuria inavujia wapi.

"Weka hiyo spana chini. Fumba macho."

"Ya nini?"

"Fumba, nimekwambia. Nimekubeba mgongoni mimi."

Hapo hana ujanja. Akafumba. Akasikia chuma kikigongwa, ko, ko.

"Nionyeshe nilipo."

Akanyoosha kidole kulia. Kipara akainuka kwenye tairi. Sikio alipofumbua macho, dada alikuwa kasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa, na spana mkononi.

"Umehama," Sikio akasema.

"Sijahama."

Wakarudia. Kulia tena, na dada yuko kushoto. Mara ya tatu Sikio aliitupa kofia yake chini, akaikanyaga, halafu akakaa kwenye boksi la vifaa. Akakumbuka lile tairi la lori lililompasukia ubavuni kushoto akilijaza upepo, miaka miwili nyuma. Sikio lilivuma wiki nzima, likanyamaza, akasema limepona. Kumbe lilinyamaza moja kwa moja. Kila sauti ya dunia ikawa inaingia kwa mlango mmoja, naye anaapa kwamba imetokea huko.

"Na mimi miaka miwili nimekununia," dada akasema taratibu. "Mezani nikikaa kushoto kwako nakuomba chumvi, hunijibu. Nikasema huyu kapata wateja, kapata kiburi."

"Nilidhani mmeacha kuniongelesha."

Dada akavuta jeki kwa mguu, akaisukuma mbele yake. "Sikio moja limekwenda. Mikono nayo imekwenda?"

Wakainua nyuma, matairi yote mawili yakaning'inia. Sikio akalala chini upande wa kushoto, upande ambao hakuwa ameugusa, maana kwa nje buti la raba linalofunika jointi lilionekana zima. Akaishika ekseli kwa kiganja. "Zungusha tairi. Polepole. Rudisha." Ikamjia mkononi, kitu kinaruka kidogo, kama jino linalotikisika. Akaupanua mkunjo wa buti karibu na kibano, akakuta mpasuko wa ukubwa wa ukucha. Akachovya kidole, akasugua grisi kwa dole gumba. Ilikuwa mchanga mtupu, inakwaruza kama sukari.

Alifungua jointi, akamwaga gololi zake za chuma kwenye karai, njia zake zimelika mashimo. Ile jointi ya kulia ya kwanza, aliyoitoa bila kosa lolote, alikuwa bado nayo kwenye kopo. Akaiosha, akaijaza grisi safi, akaifunga kushoto na buti jipya.

Bagi likapanda lundo la mchanga likiunguruma injini tu. Likashuka, likapanda tena, wafyatua tofali wakaanza kulalamika.

"Kipara," Sikio akasema, hamtazami, "teksi yako nataka niiangalie kushoto."

"Nilijua barabara haijainama."

Dada akazungusha bagi, akasimama kushoto kwa mdogo wake, barabara ya Ovaroli Safi iko mbele wazi. Akasema jambo. Sikio aliona midomo tu. Zamani angekisia, akajibu ovyo, ukazuka ugomvi. Safari hii aligeuka mzima mzima, akampa sikio la kulia.

"Sema tena?"

"Nimesema Jumamosi nalileta ulikaze boliti."

"Lilete asubuhi," akasema.

Na dada akageuza bagi kuelekea nyumbani.