Ndege ya Selmer na Macho ya Ardis

Selmer Tveit hakuwa mvivu, na anayesema alikuwa mvivu hamjui. Kasoro yake ilikuwa nyingine: hakujua kumaliza. Alikuwa mtu wa kujenga, kubomoa, kisha kujenga tena. Bawa la kushoto la ndege yake alilijenga mara mbili kwa sababu ubavu mmoja wa mbao ulikuwa umepinda kiasi ambacho hata inzi angetua juu yake asijue. Majirani wakimwuliza ndege itaruka lini, aliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mkewe Ardis hakuchelewa kumalizia kutoka jikoni, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Sehemu kubwa ya umri wake aliendesha lori la maziwa la ushirika, huko kusini mwa Minnesota, akipita shamba kwa shamba alfajiri, kiangazi na theluji. Utotoni aliwahi kumwona rubani akitua kwenye shayiri ya baba yake ili aulize njia. Yule mtu alikunywa maji, akamshukuru mama, akaruka tena, na Selmer akabaki amesimama na kata mkononi. Hakumsimulia mtu jambo hilo mpaka alipooa. Kisha akastaafu, wakauza ng'ombe wao wa mwisho, na zizi likabaki tupu. Humo ndimo alimoanza kujenga ndege: ndogo, ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vilivyo wazi, kimoja mbele ya kingine, na bawa lililokaa juu ya vichwa.

Injini aliitoa kwenye Corvair ya kaka yake Ardis. Gari hilo lilikuwa limetupwa kwenye nyasi kwa miaka, na kuku walitagia kiti chake cha nyuma. Wajenzi wa ndege za nyumbani waliipenda injini hiyo kwa sababu inapozwa na hewa, haina rejeta wala mambo ya maji. Selmer aliifungua mpaka skrubu ya mwisho, akasafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, akapanga vipande juu ya magazeti.

"Kwa hiyo utanipandisha angani kwa injini ya banda la kuku," Ardis alimwambia.

"Ya gari, mama. Kuku walikuwa wapangaji tu."

Ardis ndiye aliyeshona mabawa. Kitambaa kikishavutwa juu ya mbavu za mbao, hushonwa kwa sindano ndefu inayopenya bawa zima, na kazi hiyo huhitaji watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Jioni nyingi walikaa hivyo, bawa limesimamishwa katikati yao kama ukuta. Hawakuonana, ila sindano ilitoka kwa huyu ikaenda kwa yule, na maneno yalipita nayo. Walikuwa wameoana miaka mingi, na Selmer alisema hawakuwahi kuzungumza kama walivyozungumza kupitia bawa lile.

Ni jioni mojawapo ya hizo ndipo Ardis aliposema, "Daktari wa macho kaniambia lile doa linakua."

Sindano ilikwama upande wa Selmer.

"Liko katikati," Ardis akaendelea. "Macho yote mawili. Litakua mpaka lifunike ninachokitazama. Dawa hana. Irudishe sindano, Selmer."

Akairudisha.

"Nimezaliwa kilomita tatu kutoka hapa," Ardis alisema. "Nimelima hapa, nimezaa hapa, nimezika wazazi hapa. Na sijawahi kupaona kwetu kutoka juu hata siku moja. Nataka nipaone kabla sijafunikwa. Utanionesha?"

"Nitakuonesha."

"Usiniambie haraka haraka haina baraka."

"Sisemi."

Basi akaongeza bidii, lakini mtu hubadili mwendo, habadili mguu. Kilichobaki kilikuwa rafadha, lile panga la mbele linaloivuta ndege, na Selmer akaapa kwamba ataichonga kwa mkono wake. Wapo waliozinunua. Yeye alitaka ya mti wa mjozi ulioanguka kwa mama mkwe wake, ili Ardis avutwe angani na mti wa kwao. Ni wazo zuri, nani atalilaumu? Akaomba kupima rafadha kuukuu iliyotundikwa ukutani katika baa ya mjini, akaandika vipimo, na majira yote ya baridi akachonga, akapiga randa, akapiga msasa. Hakumwonesha mtu. Kila jioni aliifunika kwa blanketi.

"Paa umemaliza kulipaka rangi?" Ardis alimwuliza theluji ilipoyeyuka. Paa la zizi lilikuwa limeanza kuota kutu tangu mwaka uliopita.

"Limekwisha," Selmer alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye msasa.

Siku ya kuijaribu injini walikuja wajenzi wenzake wa wilaya ile, wazee watupu wenye kofia za kampuni za mbegu, kila mmoja na chombo chake cha keki kutoka kwa mkewe. Rafiki yake mkubwa, Duane Pribyl, alikuwa na ndege inayoruka tayari, yenye injini ya Corvair vilevile. Pribyl aliizunguka ile rafadha ya mjozi, akaipapasa, akajikuna kidevu.

"Hii," akasema, "ni ya aina yake."

Watu wa huko wakiona kosa hawalitaji. Husema kitu ni cha aina yake, na mwenye akili hujikagua. Lakini Selmer siku ile alikuwa amelewa furaha, akaipokea kama sifa. Mkia ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye trekta, magurudumu yamezuiwa kwa mbele yasiende. Akaingia kitini, akawasha.

Injini iliitika mara moja, tena kwa sauti tamu. Kisha kofia za waliosimama mbele zikapeperuka. Majani makavu yakaruka kuelekea barabarani, na ndege, taratibu kama ng'ombe anayekataa kuingia machinjioni, ikaanza kurudi nyuma. Ikarudi mpaka mkia ukagusa gurudumu la trekta, ikatulia hapo huku ikinguruma.

Injini ya Corvair huzunguka kinyume na injini za ndege za dukani. Rafadha ya kwenye baa ilikuwa ya ndege ya dukani. Selmer alikuwa amechonga kwa miezi, kwa ustadi usio na doa, panga la kuipeleka ndege kinyumenyume.

Wazee walicheka mpaka wakaketi chini.

"Selmer!" mmoja akapiga kelele. "Hiyo ukienda Iowa unatua jana!"

"Mwacheni, anapenda kuona alikotoka!"

Ardis naye alicheka, maana ilichekesha kweli. Aliacha alipoona mumewe hatoki kitini. Alikuwa amezima injini, ameshika usukani kwa mikono miwili, na hakuwa anamtazama mtu.

Jioni alisema atachonga nyingine. Kipande cha mjozi kilikuwepo. Mpaka theluji ijayo itakuwa tayari.

Ardis akaweka uma chini. "Theluji ijayo."

"Nikichonga haraka nitaharibu tena."

"Nunua."

"Zinachongwa kwa oda, mama. Foleni yake ni ndefu kuliko kazi yangu."

"Basi azima."

"Rafadha haiazimwi. Unamwacha mwenzako na ndege isiyo na pua."

"Selmer, nikitazama uso wako sasa hivi naona masikio." Alisema bila kupaza sauti, ndiyo maana ikamuuma zaidi. "Masikio mawili na katikati moshi. Hiyo mikono yako ya ustadi itanionesha nini nikishakuwa siioni? Au hutaki kumaliza? Niambie tu. Mimi ni mkeo, nitaelewa."

Selmer aliponda viazi vyake kwa uma mpaka vikapoa. Kisha akalisema lile alilokuwa amelifunika kwa blanketi muda mrefu kuliko rafadha. "Ninaogopa. Ile ni injini ya gari. Nimeifunga mimi. Kila nikikaza nati nafikiria wewe umekaa pale mbele. Nikiwa peke yangu siogopi kitu. Nikikuweka wewe, kila kitu naona kimelegea."

Ardis alinyoosha mkono juu ya meza, akaukosa wa mumewe kidogo, akautafuta, akaupata. "Mjinga we," akasema. "Nimepanda lori lako kwenye barafu ukiwa umesinzia. Utanitisha na nini?"

Kesho yake Selmer akaenda kwa Pribyl.

Sasa ujue kwamba Wanorwei wa Minnesota, na Selmer ni mmoja wao, hawaombi. Mtu huenda, akazungumza mvua, na mwenyeji akabahatisha haja yake. Akipewa, hukataa. Akipewa tena, hukataa kwa upole zaidi. Mara ya tatu ndipo hupokea, akisema basi kidogo tu. Anayepokea mara ya kwanza huonekana hana malezi. Pribyl alikuwa mwenye asili ya Kicheki, na Wacheki hawana subira hizo, lakini alikuwa ameishi nao kiasi cha kutosha.

Wakazungumza mvua. Wakazungumza mahindi. Selmer aliitazama ndege ya Pribyl mlangoni pa banda, akasema majira haya yanafaa kuruka.

"Chukua rafadha yangu," Pribyl akasema.

"Aa, hapana. Siwezi."

"Nilipaswa kukuambia jana, bwana. Niliona, nikanyamaza ili nicheke. Nimelala vibaya. Chukua."

"Hapana, Duane, usumbufu wote huo. Na wewe uruke na nini?"

Pribyl akamtazama. Kisha akainuka, akaingia ndani ya banda, akamwacha amekaa juu ya ndoo.

Selmer alingoja ya tatu. Haikuja. Alisikia vyuma vikigongana ndani. Akawaza, amekasirika, au amechoka nasi, na nikirudi nyumbani nitamwambia nini Ardis, kwamba nilikataa mara mbili kwa adabu? Mficha uchi hazai. Akainuka kwenye ndoo, akavua kofia, akaita kwa sauti ambayo hakuwahi kumwitia mtu.

"Pribyl! Naiomba! Macho ya Ardis yanakwisha na mimi naomba rafadha yako!"

Pribyl akatokea mlangoni. Mkononi alikuwa na spana.

"Nilikuwa naitafuta hii," akasema. "Kelele za nini? Shika upande ule."

Majira ya kiangazi ndege ya Pribyl ilikaa bila pua, na ya Selmer ikaruka. Sheria yao ni kwamba ndege ya kujengwa nyumbani huruka na rubani peke yake kwa saa arobaini kabla ya kubeba abiria, na Selmer hakuiba hata dakika. Kila asubuhi yenye utulivu aliruka kutoka malishoni. Ardis alitoka na kahawa yake, akaketi kwenye ngazi akisikiliza. Hakumwona, lakini aliijua injini ile ikipanda, ikikata kona, ikirudi, na hakunywa kahawa mpaka isikike imezimwa. Pribyl alipita mara kwa mara.

"Shemeji, mumeo anaimaliza rafadha yangu."

"Mpe nafasi, anajifunza kwenda mbele."

Saa zilitimia mahindi yalipokuwa makavu. Siku hiyo Ardis alivaa koti la marehemu baba yake na miwani ya Selmer ya kupigia msasa, wakacheka, kisha Selmer akamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Akaukaza. Akaukagua tena. Ardis akampiga kofi mkononi. "Yatosha. Twende."

Wakaenda. Magurudumu yakaacha nyasi, uzio ukapita chini, na Selmer nyuma akamwona mkewe akiinua mikono yote miwili hewani kama mtoto. Angani hapakuwa na kusikilizana. Akapanda, akazunguka, akalileta shamba lao upande wa kushoto, akaliinamisha bawa ili kitu chochote kisimzuie kuona. Nyumba ile, zizi lile, kijito, mistari ya mahindi. Chini kabisa. Akangoja.

Ardis alikuwa akitazama kulia.

Selmer akazunguka tena, karibu zaidi. Kichwa cha mkewe kikageukia upande mwingine, kwenye mahindi ya watu. Akazunguka mara ya tatu, na mara ya tatu Ardis aliligeuzia shamba lake kisogo. Ndipo Selmer akaelewa kwamba amechelewa. Majira yote yale ya msasa na blanketi. Alilia humo kwenye upepo, mzee mzima, akashukuru kwamba kiti cha abiria kiko mbele.

Alitua vizuri kuliko siku zote. Akazima injini.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Haswa uniombe msamaha." Ardis alikuwa bado amekaa, anavua miwani. "Uliniambia paa limekwisha."

"Eh?"

"La zizi. Umepaka upande wa barabarani tu. Upande wa nyuma ni kutu tupu, mwekundu mzima, kutoka kona mpaka kona. Ukadhani nani atapanda huko aone?"

Selmer akashika ukingo wa ndege. "Umeliona?"

"Nimeliona lote. Paa, kijito kilivyojikunja, sijui kama ulijua kinajikunja hivyo, na shuka zangu kwenye kamba. Nikilitazama shamba linapotea. Nikitazama mahindi ya jirani, linakuja lenyewe pembeni ya jicho. Nimeshazoea. Kwani ulidhani uso wako nauonaje siku hizi? Natazama jiko."

Selmer alishuka, akakanyaga gurudumu, akamkumbatia pale pale kitini na koti lake zito. Kisha akasema atapaka rangi kesho asubuhi, upande wote.

"Usithubutu," Ardis akamwambia. "Ile kutu ndiyo niliyopatambulia kwetu."