Si Chumvi, Mjomba

Theodora wa kijiji cha Mkunya alisingiziwa chumvi miaka kumi na zaidi. Rovu lilipomtoka shingoni, walisema anakula chumvi ya gunia kwa ubahili. Uongo mtupu! Tangu biashara ziachiwe huru na pakiti za chumvi yenye madini joto zijae madukani, hakuonja nyingine, na rovu likazidi kukua. Mwenyewe hakujali. Alilitembeza hadi sokoni Newala, na aliyelikodolea macho alimuuliza kama analitaka.

Mwaka 1999 Oliva, bintiye wa miaka kumi na saba, akaota kinundu shingoni. Hapo Theodora aliogopa, tena sana. Akamshika mkono, wakaenda hospitali, Masasi.

Daktari hakuuliza habari za chumvi. Aliwatazama vichwa. Ukoo wao ulisifika kwa vichwa vikubwa. Kofia za mitumba hazikuwaenea, nao waliona fahari. Kisha akauliza mama yake Theodora alikufa kwa ugonjwa gani.

"Titi. Na rovu alikuwa nalo."

Daktari akawaeleza taratibu. Mwilini mna protini inayoziambia chembechembe kwamba sasa basi, msizidi kuongezeka. Kuna familia zinazoirithi ikiwa na hitilafu. Vichwa vyao huwa vikubwa, tezi ya shingo na matiti huota vinundu, na vingine hugeuka saratani. Kipimo cha kuthibitisha hakuwa nacho, ila alishuku hivyo. Oliva apasuliwe mapema, na wanawake wote wa ukoo wakaguliwe shingo na matiti.

Mjomba Nathanaeli, kaka wa marehemu mama yake Theodora na mwenye kauli juu ya watoto wote wa dada zake kama ilivyo desturi yao, akaitisha kikao.

"Mama Oliva, sema ni chumvi. Binti achanjwe chale, yaishe. Ukitangaza damu yetu ina kasoro, nani atawaoa mabinti zetu?"

"Nakuheshimu, mjomba, lakini si chumvi. Mama alichanjwa chale, akafa. Nami nikachanjwa, nitazame! Oliva hachanjwi. Kesho tunapanda gari la Masasi, akapasuliwe."

"Ukoo utakutenga."

"Nitengeni. Bora nitengwe mwanangu akiwa hai."

Ndipo Mabel, mdogo wake Nathanaeli, mjane ambaye hakuwahi kumpinga kaka yake hata siku moja, akainuka na kwenda kusimama kando ya Oliva.

"Kaka, nina kinundu titini tangu mavuno ya korosho. Nilikuficha, maana nilijua utaniitia mganga." Akamgeukia Theodora. "Mwanangu, hilo gari linaondoka saa ngapi?"