Gari la Mahindi na Nyonga ya Peris

Absalom hagusi injini. Ukimpelekea gari linalotoa moshi, atakuelekeza kwa fundi mwingine na kukusindikiza hadi mlangoni pake. Kazi yake ni miguu ya gari: springi, shokabzoba, bushi, na kunyoosha magurudumu yasivute upande. Alitoka Bokoli akiwa kijana, akafika Kitale, na huko ndiko mvi zilikomwotea, mgongo wake chini ya magari ya wakulima.

Mwaka huu mkewe, Peris, aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Upasuaji ulifaulu na daktari akamruhusu kusafiri. Shida ilikuwa Pejo ya mumewe. Siku ya kutoka hospitali kila shimo la barabara lilimtoa machozi, na alipofika nyumbani aliapa kwamba hataingia tena katika gari hilo wala jingine lolote.

Kisha Levi, kaka yake Peris, akapiga simu kutoka Mabanga. Mama yao hainuki tena kitandani.

"Chakula hataki, ati anakutaka wewe," Levi alisema. "Na mimi niko hapa kila siku, bana, jina langu hata hataji."

Peris alimpa mumewe simu, akageukia ukuta.

Absalom akaingia chini ya Pejo. Akabadilisha bushi zilizokwisha, akaweka shokabzoba mpya, akaondoa vyuma vya usukani vilivyolegea akatia vipya. Kisha akavuta uzi wa nailoni ubavuni mwa gari, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akapima, akakaza, akapima tena. Gari tupu halipimwi, kwa maana likibeba mtu hukaa vingine. Kwa hivyo alikuwa amelaza gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma, mahali pa Peris, kama wafanyavyo mafundi wenzake. Alipoliendesha, usukani ulitulia mikononi kama ng'ombe aliyeshiba.

"Mama Emmy, njoo ujaribu. Sasa ni kitanda."

Peris akaja na magongo yake, akalala nyuma. Hawakufika mbali. Gurudumu lilikanyaga jiwe kichochoroni naye akapiga yowe.

"Nishushe, Baba Emmy. Nishushe tu. Mwambie Mama tutaonana mbinguni."

Maneno hayo yalimkata Absalom maini. Rafiki yake Issack, muuza spea wa karibu na msikiti, alimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu.

"Mganga hajigangi," Issack alimtania. "Fundi mzima wa miguu, na mke hana gari!"

"Kila kitu ni kipya, Issack. Na linaenda sawa. Nimeliendesha mwenyewe."

"Umeliendesha. Huko nyuma nani alilala?"

"Gunia."

"Na gunia likasemaje?"

Absalom akainuka. Kisha akampa funguo, akapanda nyuma, akajilaza kwa ubavu, nyonga yake pale pale Peris alipoweka yake. Issack akashika barabara ya Endebess. Shimo la kwanza lilimrusha Absalom. La pili lilimgonga kama nyundo. Miaka yote alikuwa amelijua gari hilo kwa mikono. Hakuwahi kulijua kwa mfupa.

"Simama," alisema. "Ni raba."

Vilikuwa vipande vya mpira mzito alivyovibana zamani katikati ya springi za nyuma, ili zisibonyee na Pejo isilale chini ikibeba mahindi ya watu kutoka Endebess. Huko Kitale, gari lisilo na raba hizo huonekana nusu gari. Alikuwa amezipitishia mkono, hata akazipanguza matope, bila kuziona. Gari lilitengenezwa kubeba magunia, naye akalipima kwa gunia.

"Ukizitoa, mavuno je?" Issack aliuliza. "Si wakulima watakutafuta?"

"Mahindi yatapata gari lingine."

"Na Mama Emmy akishapona?"

"Akipona ataenda kwao tena."

Alizitoa siku hiyo hiyo. Nyuma ya gari ikashuka, magurudumu yakakaa vingine, ikabidi uzi uvutwe upya. Safari hii aliyelala kitini alikuwa Issack.

"Usitikisike."

"Nimemzidi mkeo uzito, mzee. Nitakuharibia kipimo."

"Basi vuta tumbo."

Kumrudia Peris kulikuwa kazi ngumu kuliko springi. Absalom aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Sisemi tena ni kitanda," alisema. "Lakini nililala hapo mwenyewe. Najua palipokuuma." Akaonyesha, kwa kidole, juu ya nyonga yake mwenyewe.

Peris akamgeukia. "Ulilala hapo? Na urefu huo wako?"

"Nilijikunja."

Peris akacheka, mara ya kwanza tangu simu ya Levi. Kisha akaagiza kitambaa chake cha kichwa.

Walipita Kiminini, wakapita Kamukuywa. Absalom aliendesha akisikiliza nyuma. Penye mashimo pumzi ya Peris ilikatika, kisha ikaendelea. Karibu na Webuye aliguna.

"Nisimame?"

"Endesha."

Walipofika Mabanga, Levi alimshikilia dada yake upande mmoja, Absalom mwingine, wakamwingiza chumbani. Mama yao alikuwa amekonda hadi blanketi halikuonyesha mtu. Alifumbua macho, akatazama magongo, akamtazama aliyeyashika.

"Wewe pia umechoka," alisema.

Akaanza kusogea kuelekea ukutani, kidogo kidogo, akikataa mkono wa Levi, mpaka nafasi ikapatikana kitandani. Peris akajilaza kwa ubavu mzima, uso kwa uso na mama yake. Absalom akainama akamvua viatu.