Kumtafuta Nyar Uyoma Huko Uyoma

Mchonga mawe wa Otonglo alikuwa na patasi mkononi na kalamu sikioni alipomuuliza mama yangu jina la marehemu.

"Andika Nyar Uyoma," mama akasema.

Fundi akamtazama kwa huruma. "Mama, hiyo si jina. Hata bibi yangu ni nyar Uyoma, na saa hii yuko nyumbani anapika."

Alisema kweli. Nyar kwa lugha yetu ni "binti wa", na kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa mahali alikotoka, kwa heshima kabisa, mpaka jina lake lenyewe linashika kutu. Nyanya yake mama yangu, aliyemlea, aliolewa Seme akitokea Uyoma. Wakwe wakamwita Nyar Uyoma, mume akamwita Nyar Uyoma, wajukuu wakafuata, naye akazikwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule niliwahi kuchora mti wa ukoo, nikamwandika Uyoma kama baba yake. Mwalimu, naye mtu wa huku huku, akanipa alama ya vema.

Pale kwa fundi mama alicheka, akaahidi kurudi. Ndani ya gari hakucheka. "Alinilea miaka tisa," akasema. "Nimekula kwa mkono wake. Na sijui jina lake." Niliumia kumsikia, maana mama yangu si mtu wa kukiri kwamba kuna kitu hakijui, hata njia asiyowahi kupita huwaelekeza watu. Alitaka kaburi la nyanya liwe na jina kabla yeye mwenyewe hajahitaji lake. Alisema hivyo waziwazi, nami nikamwambia aache maneno hayo.

Tukaanza na mjomba, ndugu yake, anayejiona ndiye kabati la ukoo mzima. Ana daftari. Alitutajia wanaume kumi na watatu, baba kwa mwana, bila kuvuta pumzi. Mmoja wao aliua kiboko kwa mkuki, na mwingine, nikifuata lile daftari, alizaa kabla hajazaliwa. Tukamuuliza jina la nyanya yake. Akakohoa. Akaomba chai. "Alikuwa Nyar Uyoma," akasema hatimaye, kama mtu anayefichua siri ya serikali.

Cheti cha ubatizo nacho hakikuwepo. Nyanya aliambiwa aache ugoro ndipo abatizwe, akawaambia wao watangulie tu mbinguni, yeye atakuja pole pole.

Basi Jumamosi moja tukaenda Uyoma kwenyewe, hadi Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapotia nanga. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani bado linachekwa pwani ile ya ziwa. Mama alishuka, akawaendea wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wadogo, akawasalimia vizuri, kisha akauliza, "Tunatafuta nyumbani kwa Nyar Uyoma."

Wakatazamana.

"Mmefika," mmoja akasema. "Ndiyo mimi. Na huyu ndiyo mimi. Na yule wa leso ya kijani, yule pia ni mimi."

Walicheka mpaka ndege wakapata nafasi ya kujipakulia omena. Mama naye akacheka, shingo upande. Mimi nilijifanya natazama feri.

Yule aliyeanza mzaha ndiye aliyetuonea huruma. "Mama, hapa hatuwezi kumwita hivyo. Msichana wetu akiolewa, sisi tunamtaja kwa kule alienda. Huyo wenu alienda wapi?"

"Seme. Zamani sana."

"Na alikuwa na alama gani?"

Mama akafikiri. "Alikuwa anasonga ugali na mkono wa kushoto."

"Ah! Hao ni watu wa pale juu. Boma nzima ni mashoto. Hata mbuzi wao, sijui."

Boma lenyewe halikuwa mbali. Tulimkuta bikizee mmoja amekaa kivulini akichambua maharagwe, kwa mkono wa kushoto, macho yake yameingia ukungu. Mama akajieleza taratibu, safari hii bila kumtaja Nyar Uyoma yeyote. Bikizee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo, baba yake alikuwa na dada aliyepelekwa Seme kabla yeye hajazaliwa. Baba hakuchoka kusimulia habari zake, na jinsi wakwe walivyotaka kumrudisha kwa sababu ya ule mwiko wake wa kushoto. Kisha akalitaja jina la shangazi huyo.

Siliandiki hapa, mama anataka likae kwenye jiwe kwanza. Ni jina la kawaida tu, wanalopewa wasichana waliozaliwa jua likiwa utosini.

Nilimgeukia mama nikitegemea kuona furaha. Alikuwa amejishika kifua.

"Hilo ndilo alilokuwa akiniita mimi," akasema. "Kila asubuhi tukienda kuteka maji, tukiwa wawili tu. Na mimi nilizaliwa usiku, jina langu ni la usiku, kila mtu anajua. Nilidhani uzee umemchanganya. Kila siku nilimsahihisha."

Bikizee akaweka ungo chini.

"Nani mwingine huko Seme angelitaja jina lake?" akauliza. "Alitaka kulisikia tu."

Kisha akamwelekea mama, akaliita lile jina kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita mtoto aliye nyuma ya nyumba. Mama hakumsahihisha. Akaitika.